Mchanga wa Jikoni

Mtoto wa miezi minane akikabidhiwa mwiko hajali kwamba ni wa kusongea bukari, yaani ugali. Huutia mdomoni kwanza, kisha huugonga sakafuni, huuangusha, huufuata kwa macho na kuulilia urudishwe. Kwa dakika chache amekwisha kupima uzito, ladha, ugumu, sauti na umbali. Shughuli za namna hii, ambazo mtu mzima huziandaa makusudi ili mikono, macho, masikio, pua na ulimi wa mtoto vipate kazi, huitwa michezo ya milango ya fahamu. Kwa milango mitano inayojulikana, wataalamu huongeza miwili: mwili kujua kama umesimama wima au umeinama, na viungo kujua viko wapi na vinatumia nguvu kiasi gani. Mtoto anayebebwa mgongoni ndani ya kikwembe huutumia ule wa kwanza kila mama anapoinama kuchochea mbabula. Anayesukuma bidoni tupu uani huutumia wa pili.

Jean Piaget, mwanasaikolojia wa Uswisi, alifundisha kwamba katika miaka miwili ya mwanzo mtoto huwaza kwa kugusa na kutenda, kabla hajaweza kuwaza kwa maneno. Kabla yake, Maria Montessori, daktari wa Kiitalia, alifungua mwaka 1907 nyumba ya kulelea watoto wa vibarua katika mtaa wa San Lorenzo, Roma, akawapa mbao laini na za kukwaruza, mitungi midogo yenye sauti tofauti, vipande vya kitambaa vya kulinganishwa kwa vidole huku macho yamefungwa. Vifaa hivyo leo huuzwa ghali, jambo ambalo ni kichekesho kidogo, kwa kuwa vilianzia kwa watoto wa maskini. Elinor Goldschmied wa Uingereza alikwenda njia rahisi zaidi: kikapu kilichojaa vitu vya kawaida vya nyumbani, bila plastiki, kilichowekwa mbele ya mtoto aliyeanza kukaa. Shirika la Afya Duniani na UNICEF nao, katika mafunzo yao ya malezi kwa wahudumu wa afya, hupendekeza vikombe, makopo, vijiko na vitambaa kuwa vifaa vya kuchezea. Hakuna hata mmoja kati yao aliyedai duka.

Mutoshi, kando ya mji wa Kolwezi katika jimbo la Lualaba, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, haikosi vikombe wala vijiko. Kikwazo chake ni udongo. Vitabu vingi vya michezo ya watoto, viwe vimeandikwa London au Nairobi, huanza na mchanga na tope, kwa sababu kwingi duniani udongo wa uani ni kitu cha kuchezea kisicho na gharama wala madhara makubwa. Katika ukanda wa shaba udongo huo ndio bidhaa yenyewe. Watu huuchimba, huubeba, huuosha mitoni na kuuza, na vumbi lake huingia nyumbani kwa viatu, kwa nguo, kwa magunia na kwa upepo wa malori ya kiangazi.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walitangaza mwaka 2009 kwamba wakazi wa maeneo ya migodi ya Katanga, jimbo la zamani lililojumuisha Kolwezi, walikuwa na kobalti na metali nyingine katika mkojo kwa viwango vya juu mno. Utafiti wao uliochapishwa mwaka 2018 ulitazama Kasulo, mtaa wa Kolwezi ambako baada ya madini kugunduliwa mwaka 2014 watu walichimba mashimo katika viwanja vya nyumba zao. Watoto wa hapo walikuwa na kobalti katika mkojo mara kumi hivi ya ile ya watoto wa mahali pengine. Wengi wao hawakuwa wachimbaji. Njia kubwa ilikuwa vumbi: mkono uliogusa sakafu, kisha ukaingia mdomoni. Mtoto wa miaka miwili hutia mkono mdomoni mara nyingi kuliko mtu yeyote nyumbani, na kama mwili wake una upungufu wa madini ya chuma, tumbo lake hufyonza kobalti zaidi.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ya mchezo wa udongo Mutoshi ni kujua udongo upi usiguswe. Mawe ya kijani ni malakaiti, madini ya shaba. Meusi na mazito huenda yakawa heterojeniti, ambayo hubeba kobalti. Yote mawili humvutia mtoto kwa rangi na uzito, na yote mawili hayana nafasi katika beseni lake. Uwanda usioota miti, wenye majani mafupi na maua ya zambarau, hutiliwa shaka vilevile: mmea uitwao na wataalamu Haumaniastrum katangense hustahimili udongo wenye shaba nyingi, na watafutaji madini wameutumia kama alama. Kichuguu pia si salama kwa kuwa tu ni kikubwa na kizuri kufinyangwa. Mchwa hupandisha udongo kutoka chini sana, hata wanajiolojia huchukua sampuli za vichuguu ili kujua kilicho chini ya ardhi. Kichuguu kilichosimama juu ya mwamba wa shaba kina shaba ndani yake.

Hapa hufanyika kosa moja la nia njema. Wazazi wengi hujua kwamba kuchemsha maji huua vijidudu, wakadhani kuchemsha au kukaanga mchanga huusafisha. Moto huua minyoo na mayai yake, kweli, lakini kobalti, risasi na urani hazifi kwa moto. Kuosha nako huondoa vumbi laini tu, na maji ya kuoshea hubaki yakiwa machafu. Mchanga wa ujenzi unaouzwa kwa lori hauna cheti kinachoonyesha mto uliotoka. Ni afadhali kuuacha mchanga wote na kutafuta kitu kinachomiminika, kushikika na kuchoteka kama mchanga, lakini kilichotoka mahali panapojulikana. Mahali hapo ni jikoni.

Sakafu hutangulia kila kitu. Hupigwa deki kwa kitambaa chenye maji, kwa kuwa ufagio mkavu hulirusha vumbi hewani na kulirudisha. Mkeka au turubai hutandikwa, na huo huwa wa mchezo peke yake: viatu haviupandi, na nguo zilizotoka machimboni hazianikwi juu yake. Gunia la rafia lililowahi kubeba madini halifai kuwa mkeka hata likifuliwa. Mapipa na bidoni zilizobeba tindikali au dawa za viwandani hazigeuzwi mabeseni ya kuchezea maji. Viwanda vya shaba hutumia tindikali ya salfa kwa wingi, na vyombo vyake huzagaa sokoni vikiwa vimeoshwa vizuri kwa macho tu. Mikono ya mtoto hunawishwa kwa sabuni kabla na baada, ile ya kabla ikiwa muhimu kuliko inavyodhaniwa.

Mbadala bora wa mchanga ni pumba za mahindi, zinazobaki kwenye mashine ya kusaga na kuuzwa kwa bei ndogo kama chakula cha kuku. Huchekechwa ili kuondoa vijiti, kisha hukaangwa kikavu kwenye sufuria juu ya moto mdogo, huku zikigeuzwa, hadi zitoe harufu ya mahindi ya kuchoma. Hilo huua fukusi na kuzikausha zisivunde. Zikipoa, beseni hujazwa kina cha vidole vinne, na ndani huwekwa kikombe, kijiko, kichungi cha chai na kopo lililotobolewa tundu moja. Tundu hilo moja lina thamani kubwa kuliko vyombo vyote, maana pumba hushuka kwa mstari, na mtoto hurudia kujaza mara ishirini ili aone mstari ule ule. Pumba zenye ukungu, au zenye harufu ya uvundo, hutupwa: ukungu wa mahindi huweza kubeba sumukuvu, ambayo kukaanga hakuiondoi.

Kwa mchanga unaoshikana, kama ule wa ufukweni, vikombe vinne vya pumba laini huchanganywa na nusu kikombe cha mafuta ya kupikia na kufikichwa kwa viganja. Mchanganyiko huo hubanwa ukawa tofali, ukiguswa ukavunjika. Mawese nayo hufaa, na huupa rangi ya udongo mwekundu wa Katanga, ila hutia madoa kwenye nguo ambayo sabuni haitoi.

Vitabu vingi vya kigeni huagiza unga wa ngano, mchele na maharagwe kwa kilo, kana kwamba ghala halina mwisho. Katika nyumba ambako gunia la unga huhesabiwa kwa siku, mchezo huo ni karaha, na mtoto anayeona unga ukimwagwa asubuhi na sahani tupu jioni hajifunzi jambo jema. Ndiyo maana pumba, vibunzi, maganda na makombo hutajwa kwanza hapa, na chakula chenyewe hutumiwa kidogo, mara nyingi kikiwa njiani kwenda sufuriani.

Bukari ni mfano wake. Tonge lililopoa kidogo ni kifinyango ambacho kila nyumba ya Kolwezi huwa nacho: laini, lenye uvuguvugu, halinati likisongwa vizuri, na mtoto akililamba halina dhara. Huviringishwa, hubonyezwa kwa kidole, huchovywa maji likawa telezi. Watoto wa chini ya miaka mitatu hawahitaji kifinyango kingine. Kwa wakubwa zaidi, kinyunga cha chumvi hudumu siku nyingi: vikombe viwili vya unga wa ngano, kikombe kimoja cha chumvi, kijiko kikubwa cha mafuta, na maji karibu kikombe kimoja yakiongezwa taratibu huku kikikandwa. Kikifungwa vizuri hukaa wiki moja au mbili. Chumvi hiyo ni nyingi kiasi cha kumdhuru mtoto mdogo akila donge zima, kwa hiyo kinyunga hiki ni cha walioelewa kwamba si cha kula, tena chini ya macho ya mtu mzima.

Wanga wa muhogo hufanya jambo la ajabu zaidi. Muhogo mtamu hukunwa, hukamuliwa ndani ya kitambaa chenye maji, na maji hayo huachwa yatulie kwa saa kadhaa hadi wanga mweupe ukae chini. Maji ya juu humwagwa, mengine safi huongezwa na kumwagwa tena, na wanga hukaushwa juani ukiwa umefunikwa kwa kitambaa chepesi. Muhogo mchungu haufai kwa mchezo wa mtoto, kwa kuwa una sianidi nyingi. Vijiko viwili vya wanga mkavu kwa kijiko kimoja cha maji hutoa uji usio na uamuzi: ukipigwa ngumi huwa mgumu kama jiwe dogo, ukiachwa hutiririka kati ya vidole. Sababu ni kwamba chembe za wanga, zikisukumwa ghafla, hukwama zenyewe kwa zenyewe. Zikipewa muda, maji huzitelezesha. Mtoto wa miaka minne hahitaji maelezo hayo. Hujaribu polepole, hujaribu haraka, kisha huita jirani aje aone.

Rangi hupatikana bila duka. Majani ya sombe, yaani ya muhogo, yaliyotwangwa na kuchemshwa hutoa kijani, bizari ya manjano hutoa manjano, masizi hutoa nyeusi yenye kuchafua kila kitu. Yenye mengi ya kufundisha ni rozela, mmea ambao majani yake machachu hupikwa Kongo kwa jina la ngaingai. Magamba mekundu yanayozunguka tunda lake, yakikaushwa na kuloweshwa katika maji ya moto, hutoa rangi ya damu ya mzee. Tone la ndimu huing’arisha. Chembe za bikarbonati ya kukandia maandazi huigeuza zambarau, na zikizidi huisogeza kwenye buluu au kijani. Vikombe vitatu, kijiko kimoja, na asubuhi nzima inakwisha.

Maji ni mchezo ambao mtoto haufundishwi. Kopo, chupa iliyokatwa, sponji, jani pana na kijiti vinatosha: kipi kinaelea, kipi kinazama, na kwa nini kopo linaloelea huzama likijaa. Maji ya mvua hutumika kwa tahadhari. Mvua za kwanza za Oktoba huosha mabati yaliyokusanya vumbi la kiangazi chote, na maji hayo hayafai kukingwa. Paa likishaoshwa na mvua kadhaa kubwa, yanayofuata huwa safi zaidi. Beseni lenye kina cha kiganja linatosha kumzamisha mtoto mchanga, na kwa kuwa kuzama hakuna kelele, mtu mzima hukaa karibu kiasi cha kumfikia kwa mkono. Kuita kutoka chumba cha pili si kuangalia.

Kwa mtoto wa miezi sita hadi tisa, ambaye amekaa lakini hajatambaa, kikapu cha Goldschmied huhamia Mutoshi bila taabu. Ndani yake huwekwa kipande cha kikwembe, mwiko, kifuniko cha sufuria, kibuyu kikavu kilichozibwa, brashi ya nywele, kata ya nyasi ya kubebea mizigo kichwani, ndimu nzima, kijiko cha chuma kilichobaki baridi hata siku ya joto. Vitu kumi hadi ishirini ni vingi vya kutosha. Kila kimoja hukaguliwa: hakina ncha, hakibanduki, ni kikubwa kuliko ngumi ya mtoto, na kinaoshwa. Plastiki ikiwemo haina kosa, ila haina harufu wala joto wala ladha yake, na vitu vitano vya plastiki kwa ulimi ni kitu kimoja.

Punje za mahindi, maharagwe na karanga hazikabidhiwi mtoto wa chini ya miaka mitatu. Huingia puani, sikioni na kwenye koo, na harage lililokwama puani huvimba kwa unyevu. Punje hizo huwa na kazi zikifungiwa. Chupa ndogo za plastiki hutiwa, moja mahindi, nyingine mchele kiganja kimoja, nyingine pumba, kisha vifuniko hubanwa kwa gundi na kuzungushiwa utepe. Zikitengenezwa mbilimbili, mtoto hutafuta kwa sikio chupa iliyo pacha ya nyingine, na hapo mitungi ya Montessori imepatikana kwa bei ya takataka. Chupa za kioo zenye maji ya viwango tofauti hugongwa kwa kijiti na watoto wakubwa kidogo: yenye maji mengi hutoa sauti nzito. Katanga ina historia na chupa. Wapiga gitaa wa enzi ya Mwenda Jean Bosco, aliyerekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952, walijua kwamba chupa ya soda ikigongwa hushika mapigo vizuri kama ngoma.

Pua husahaulika mara nyingi. Vikopo vyenye matundu juu hutiwa mchaichai, tangawizi, kahawa, ganda la chungwa, samaki mkavu; mtoto hunusa na kukisia. Samaki huleta kicheko daima. Pilipili na sabuni ya unga havinuswi. Kwa macho, umeme ukikatika, tochi na mkono ukutani vinatosha kufanya sungura na ndege, na chupa iliyojaa maji na mafuta yaliyotiwa bizari hutulia polepole mbele ya mtoto aliyechoka kulia.

Mwili mzima nao hudai haki yake. Kamba hulazwa chini na mtoto huifuata kisigino kwa vidole. Mto uliojazwa vitambaa huburutwa kutoka ukuta hadi ukuta. Watu wazima wawili hushika kikwembe imara pembe nne na kumbembeza mtoto ndani yake, chini chini. Magari ya waya ambayo wavulana wa ukanda wa shaba huyaunda na kuyaendesha kwa fimbo ndefu ni mchezo wa aina hii pia, wa miaka sita na kuendelea, mradi ncha za waya zikunjwe.

Si kila mtoto hupokea yote. Yupo anayerudisha mkono nyuma kila akiona uji wa wanga, na yupo anayeziba masikio chupa zikigongwa. Kumlazimisha huongeza woga. Hupewa kijiko kwanza badala ya kidole, au huachwa atazame wenzake, na siku nyingine hukaribia mwenyewe. Mtoto asiyevumilia mguso wowote, au asiyegeuka kwa sauti yoyote, hupelekwa kituo cha afya. Kazi ya mtu mzima wakati wa mchezo ni ndogo kuliko anavyopenda: kukaa, kuangalia, na kutaja kinachotokea kwa lugha ya nyumbani, iwe Kiswahili, Kisanga au Kiruund. Laini, imemwagika, nzito, tena. Maswali mengi humgeuza mchezaji kuwa mtahiniwa.

Dakika 20 zinatosha kwa wengi. Mtoto akianza kurusha vitu amemaliza. Pumba kavu hurudishwa kwenye kopo lenye kifuniko na hudumu wiki mbili. Zilizolowa hutupiwa kuku siku hiyo hiyo. Bukari iliyochezewa huwafuata kuku pia. Uji wa wanga haumwagwi kwenye bomba, kwani huganda na kuziba. Huanikwa juani, hufikichwa ukawa unga, na kungoja maji mengine. Mkeka hukung’utwa mbali na mlango, hupanguswa kwa kitambaa chenye maji, na kukunjwa upande uliochezewa ukiwa ndani.